Chumba Kilichoitwa Julai

Katika mji ule, mtu akikuambia "leo kuna joto", ujue hana la kusema. Joto lilikuwepo jana na lingekuwepo kesho, limekaa kibarazani kama jamaa aliyekuja kutembea akasahau kuondoka. Mwezi mkali kuliko yote nyuzi zilipanda hadi thelathini na tatu. Mwezi mpole kuliko yote zilishuka hadi ishirini na nane, na hapo wazee walijifunika shuka wakalalamika kwamba dunia imeharibika. Nyuzi tano tu. Ndani ya nyuzi hizo watu walizaliwa, wakaoana, wakagombana na wapangaji wao, wakazikwa. Na shati lililolowa jasho siku ya harusi lililowa vilevile siku ya msiba.

Aliyezijua nyuzi hizo kuliko wote alikuwa fundi mmoja wa mafriji na viyoyozi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti. Mjini aliitwa Baridi. Watu walisimama barabarani saa sita mchana, jua la utosi, wakaulizana, "Baridi hajapita huku?" na mgeni aliyewasikia akaenda zake akiwahurumia.

Alikuwa mrefu, mabega yameinama kwa kupandisha mashine kwenye ngazi za watu. Vidole vyake vilijaa makovu madogo, maana mapezi ya koili, yale mabati membamba ya kupozea hewa, hukata kama wembe. Kwenye mfuko wa shati alichomeka kipimajoto, mahali ambapo wengine huweka kalamu. Na alikuwa na hotuba yake. Kabla hajagusa kitu kingine alichomoa chujio, ule wavu wa mbele unaodaka vumbi, akaliinua kwenye mwanga mbele ya mwenye nyumba.

"Mama, hili ni chujio au blanketi?"

"Fundi, na wewe! Kazi nyingi."

"Mashine inapumua kama wewe. Nikikuziba pua usiku kucha, asubuhi tutasalimiana? Lioshe kila mwisho wa mwezi. Kama huna sabuni, lioshe kwa aibu."

Wenye nyumba walicheka, wakaona haya, wakaosha. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba nyumbani kwa Baridi kulikuwa na mashine moja ambayo chujio lake halikuoshwa mwaka wa tatu sasa.

Mkewe hakuwa wa pale. Alitoka juu, milimani, ambako asubuhi za mwezi wa saba nyasi huamka zimevaa barafu nyembamba, nyeupe, na watoto huzikanyaga kwa makusudi ili wasikie zikivunjika. Kazi ndiyo iliyomleta: duka la dawa lilitaka muuzaji. Baridi aliitwa pale kutengeneza friji ya dawa. Alipomaliza akaufungua mlango kuipima, na yule dada akatoka nyuma ya kaunta, akaingiza kichwa chote ndani ya friji katikati ya vichupa, akafumba macho.

"Dada, dawa zitaharibika."

"Nisamehe, Fundi," alisema bila kutoa kichwa. "Nilikuwa nasalimia nyumbani."

Alimchumbia kwa ahadi moja. "Vumilia," alimwambia. "Subiri mwezi wa saba. Mwezi wa saba hata sisi tunasikia baridi." Wala hakuwa anamdanganya, aliamini. Aliyezaliwa ndani ya nyumba hajui harufu yake.

Mwezi wa saba ulipoingia, mke mpya alifungua sanduku, akatoa sweta ya kijani iliyofumwa na mama yake, ikinuka dawa ya nondo, akaivaa hadi shingoni, akaenda kazini. Mtaa mzima ulitoka kumtazama. Mchana alirudi ameibeba mikononi kama mtoto aliyezirai, gauni limemganda mgongoni.

"Mume wangu," alisema, "huu mwezi wenu wa saba ni ule wa sita, umebadilisha jina tu."

Walicheka hadi wakakaa chini. Tangu siku ile mtaa ukamwita Bi Sweta, na yeye hakukasirika. Likazaliwa na swali lake, ambalo lilikuja kuwa salamu ya nyumba. Akiamka: "Baridi inakuja lini?" Naye mumewe, macho bado yamefumba, hujibu: "Iko njiani." Akimsindikiza mlangoni, "Baridi inakuja lini?" "Iko njiani." Hata walipokuwa wamenuniana, swali liliulizwa na jibu likatolewa, kama watu wanaopishana mlangoni wakiwa na mizigo.

"Siku nitakayokuambia nasikia baridi," alizoea kusema, "ujue nimefika kwetu."

Alisema akicheka. Baridi aliusikia ule mcheko, na chini yake alisikia kitu kingine, kama fundi anavyosikia bushi inayolika ndani ya mashine ambayo mwenyewe anaisifu.

Binti yao alipoanza kutembea, ofisi moja ilitupa kiyoyozi cha dirishani. Baridi alikipandisha ngazi mgongoni. Alibomoa ukuta wa chumba cha nyuma, akakipachika, akakitia kompresa ya mashine nyingine na feni ya nyingine tena. Kilipowaka kilishusha pumzi ndefu, kisha kikaanza kuvuma kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Bi Sweta aliweka kiganja mbele ya hewa, akasikiliza kwa ngozi.

"Basi?" mumewe aliuliza. "Unasikia baridi?"

"Bado kidogo. Inaanza kufanana."

Chumba kile wakakiita Julai. "Mama yuko wapi?" "Yuko Julai." "Madaftari yako umeyaacha wapi?" "Julai." Ukiwa mgeni katika nyumba ile ungeweza kuambiwa usubiri, mwenye nyumba anatoka Julai sasa hivi. Bi Sweta alikaa mle kila jioni kwenye kiti cha mbao, amevaa sweta ili kuivutia baridi, kama anavyovaa viatu mtu anayetaka safari ije haraka. Na miaka ikaenda hivyo, na hakuwahi hata siku moja kusema kwamba anasikia baridi. Bado kidogo, alisema. Bado kidogo.

Kisha moyo wake ukachoka. Haukusimama, ulichoka tu, kama mtu anayepanda ngazi na kupumzika kila kidato. Alilala Julai, mito mitatu mgongoni. Poda aliyojipaka shingoni iliruka hewani, nywele zake zilidondoka alipochanwa, nyuzi za sweta zikapukutika kwenye shuka. Mashine haikuweza kuzimwa hata kwa muda wa kuosha chujio, maana ikizimwa alianza kuitafuta hewa kwa mdomo. Kwa hiyo halikuoshwa.

Asubuhi ya mwisho alifumbua macho akamwona mumewe kitini.

"Baridi inakuja lini?"

"Iko njiani."

"Njia gani hiyo," alisema polepole, si kwa uchungu, kama mtu anayetazama ramani, "isiyo na mwisho." Mchana alikuwa ameshaondoka.

Mahali penye majira, msiba hupata mwezi wake. Mtu husema ilikuwa wakati wa mvua, au majani yalikuwa yameanguka. Na hali ya hewa ikishabadilika, huzuni nayo huvua nguo zake ikapunga mkono. Hapa siku aliyozikwa Bi Sweta ilifanana na ya kesho yake, na ya mwezi uliofuata, na ya mwaka uliofuata. Jua lilelile, jasho lilelile, upepo uleule usiofika ghorofani. Kila alipoamka Baridi alikuta ni siku ileile, imemngoja kando ya kitanda.

Wafariji walipotawanyika aliingia Julai na bisibisi. Alifungua kifuniko cha mbele, achomoe chujio alioshe, kama ambavyo angemwambia mtu yeyote. Akauona unywele mmoja mrefu umejisokota kwenye wavu, na poda nyeupe, na nyuzi za kijani. Akakirudisha kifuniko. Akafunga mlango.

Baada ya hapo mashine haikuzimwa tena. Umeme ukikatika ilinyamaza, ukirudi ikashusha ile pumzi yake. Ila sasa kabla ya pumzi kulikuwa na kikohozi. Kimoja, kikavu, cha mtu anayetaka kuzungumza. Baridi alilala kwenye kochi sebuleni, na kila asubuhi kabla ya kazi aliingia, akakaa kwenye kile kiti cha mbao, sweta ikiwa begani mwa kiti nyuma yake. Alisikiliza. Zile sauti mbili zilikuwa zinajifunza kitu, zikikaribia wimbo na kuurudia mwanzo. Harufu ya poda ilikuja, ikaondoka. Hakumwambia mtu kwamba kuna siku kikohozi kilikuja mara mbili, na kwamba mara ya pili umeme ulikuwa bado haujarudi.

Wengine walijua kwa miguu. Baridi ya chumba kile ilipita chini ya mlango, ikatambaa koridoni, ikagusa vifundo vya watu. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini, mama mmoja ambaye kwa ulimi wake aliitwa Bi Mkasi, alipanda siku moja kuleta suruali. Alirudi chini mbio, kandambili moja imebaki juu. Tangu hapo alipiga kelele kutoka chini ya ngazi.

"Baridi! Suruali yako tayari! Shuka uichukue mwenyewe, mimi na huyo wa koridoni hatujatambulishwa!"

"Jirani, ni hewa tu ile."

"Hewa! Hewa inashika mguu na kuuachia? Nirushie kandambili yangu."

Binti yao, aliyekuwa ameolewa mji mwingine, alirudi mwaka wa tatu baada ya msiba, mwezi mkali ukiwa unaanza. Mume wake alikuwa kazini mbali, melini, na yeye alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Miguu ilivimba hata vidole havikuonekana kuwa vya mtu mmoja. Kliniki walimwambia presha inapanda: apumzike, alale mahali pa ubaridi, asichemke, la sivyo yeye na mtoto wote wataingia hatarini. Ndiyo maana hakuwa na haya ya kuuliza. Aliuliza jioni ileile, akiwa amelala kwenye kochi la baba yake, pangaboi likisukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine.

"Baba, kwa nini nisilale Julai?"

"Chumba kile kina unyevu."

"Unyevu?"

"Na mashine yenyewe imezeeka. Itakuletea mafua."

"Baba. Hii miguu unaiona? Mafua yakija yatakosa hata pa kukaa."

Baridi alijishughulisha na kipimajoto chake, akakipangusa kwa ncha ya shati. Binti alimtazama, na macho yake yalikuwa ya mama yake, yale ya kusikiliza kwa ngozi.

"Unamficha mama kule," alisema kwa upole, "au unamlinda?"

Kesho yake asubuhi Baridi alitandika shuka safi Julai. Ile sweta aliiondoa begani mwa kiti, akaiviringisha kama mkeka, akaitia chini ya mto wake kwenye kochi. Binti aliingia, akasimama katikati ya chumba, akafumba macho kama mtu aliyeingiza kichwa kwenye friji.

Siku iliyofuata Baridi alimpelekea chai.

"Umelalaje, mama?"

"Vizuri. Miguu imepungua, tazama. Mama bado anakohoa."

Alisema hivyo kama anayesema maziwa yamekwisha.

"Ni feni hiyo."

"Najua ni feni, Baba." Alinywa chai. "Lakini feni haivuti shuka miguuni. Amenifunika."

Baridi alitazama ndani ya kikombe chake mwenyewe muda mrefu. Alitaka kumuuliza, amekufunika vipi, kwa mkono gani, na akaona wivu. Na akaona aibu ya kumwonea mwanawe wivu kwa jambo kama lile.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kliniki walisema presha imetulia, waendelee hivyo hivyo. Kisha zikaingia siku zile ambazo hata mbwa hawabweki, na ile sauti ya juu ya mashine ikaanza kushuka. Hewa iliyotoka ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayepuliza uji ulioshapoa. Baridi aliweka kipimajoto mdomoni mwa mashine. Nyuzi ishirini. Siku nyingine ishirini na nne. Siku nyingine tena alikisoma mara mbili, akakitikisa, akakisoma tena: ishirini na nane. Ile Julai ya kweli ya mji ule, ile iliyomfanya mkewe aibebe sweta mikononi mchana wa kwanza, ilikuwa imeingia chumbani.

Alifanya kila kitu. Aliongeza gesi. Umeme ulipokatika alibadilisha kapasita. Aliosha upande wa nje akiwa amening'inia dirishani, Bi Mkasi akimpigia kelele kutoka barabarani kwamba uzee hauna mabawa. Aliziba nyufa za dirisha, akatundika pazia la pili. Mikono yake ilikuwa na haraka ya mtu anayepekua mifuko yote isipokuwa ule mmoja. Maana alijua. Kutoka mlangoni, bila kugusa, alijua, kama anavyojua mpishi kwamba chungu kinaungua.

Siku hiyohiyo aliitwa kwa mama mmoja mwenye duka la vitambaa. Alichomoa chujio la watu, akaliinua kwenye mwanga. Mama akajiinamia tayari kwa hotuba. Hotuba haikuja.

"Leo hunisemi, Fundi?"

"Leo sina sauti," alisema Baridi, akaliosha mwenyewe kwenye bomba lao, akaondoka bila kumaliza chai.

Aliporudi nyumbani mchana alimkuta Bi Mkasi juu ya ngazi. Juu. Tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni, mkononi ana kitambaa kilicholowa.

"Mwanao ameanguka akitaka kuinuka kitandani. Hajaumia, nilimsikia nikapanda. Nimeongea na nesi wa kliniki: apozwe mwili, anywe maji, na asipotulia kabla ya jioni apelekwe. Gari la shemeji yangu liko chini linasubiri." Akashusha sauti. "Baridi. Nimepita hiyo korido yako mara nne leo, na hakuna aliyenigusa mguu. Mle chumbani kuna joto kuliko kwangu kwenye pasi. Huyo wa siku zote amekwenda wapi?"

Baridi alitua mkoba wake wa vifaa.

"Kinyozi hajinyoi," alisema Bi Mkasi, na kwa mara ya kwanza ulimi wake haukukata. "Mji mzima unalala kwenye ubaridi wako, na mtoto wako anaiva."

Baridi aliingia. Binti alilala kwa ubavu, uso unang'aa jasho, mkono mmoja chini ya tumbo kana kwamba amebeba kitu asije akakimwaga. Mashine ilikuwa inakoroma. Macho ya binti yalikuwa kwenye nafasi za kifuniko cha mbele.

"Baba. Kuna kitu cheupe mle ndani."

Baridi aliinama, akachungulia. Kando ya ukingo wa chujio, huko nyuma kwenye koili, kulikuwa na barafu. Nyembamba mwanzoni, kisha nene, imeota juu ya kila pezi, kila wembe mdogo umevaa nyeupe. Ilimeta kwenye ule mwanga hafifu kama kitu kilichoamka mapema.

"Ndiyo ile?" binti aliuliza. "Ya kwenye nyasi? Aliyokuwa akinisimulia?"

"Ndiyo hiyo."

"Kumbe ilikuja."

"Ilikuja," alisema Baridi. "Iko nyuma hapo. Hewa haipiti, basi baridi inabaki imejirundika hukohuko, haina pa kutokea."

"Kwa nini haipiti?"

Nje Bi Mkasi alikuwa anamwambia mtu wa gari asubiri.

"Chujio limeziba," alisema Baridi. "Sijaliosha. Kuna nywele za mama yako."

Binti alivuta nywele zake zilizoganda shingoni, akashika chache, akazinyoosha kuelekea kwa baba yake, na zilikuwa ndefu, nyeusi, nyepesi kwenye ncha.

"Na hizi ni nywele za mama," alisema. "Zinaota kila siku. Hizi hazizibi kitu, Baba."

Baridi akazima mashine.

Kimya kilichoingia kilikuwa kikubwa kuliko chumba. Kilikuwa kimesubiri miaka mitatu nje ya mlango, na sasa kiliingia na kukaa kila mahali: kitini, kitandani, kwenye pazia. Mikono yake ilijua kazi hata kama yeye hakutaka. Kifuniko kikatoka. Chujio likatoka, zito kama kitambaa kilicholoa, na vumbi juu yake limefungamana kama sufi. Juu lilikuwa vumbi la karibuni, la kijivu, la barabara na la siku zilizofanana. Alilibandua kwa kucha, tabaka kwa tabaka, na kila alipobandua akaona anarudi nyuma. Mkewe alikuwa chini kabisa, ameshikana na wavu: nyuzi za kijani, weupe wa poda, nywele zimejisokota duara ndogo ndogo, kama mwandiko wa mtu aliyekuwa na mengi ya kusema na karatasi ndogo.

"Nishike?" binti aliuliza.

Alimpa. Binti alilishika chujio kifuani, akalinusa, akalirudisha. "Haya," alisema. "Mwoshe."

Baridi alilipeleka bafuni. Alifungua maji kidogo, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Maji yakageuka kijivu, na harufu ya poda ikapanda, nzito, ya jioni zote za Julai kwa pamoja, ikamjaa puani, machoni, akalazimika kushika ukingo wa sinki. Alihisi mtu amesimama mlangoni nyuma yake. Hakugeuka. Alijua kwamba akigeuka atamkuta Bi Mkasi, au hatakuta mtu, na hakutaka lolote kati ya hayo mawili. Aliendelea kuosha mpaka maji yakawa meupe, na harufu ikawa ya maji tu, na mlangoni hapakuwa na uzito tena.

Unywele mmoja ulibaki umenata kwenye kifundo cha mkono wake. Aliuacha.

Barafu nayo ilikuwa imeanza kuachia. Ilidondoka vipande, halafu matone, halafu mchirizi, ndani ya beseni aliloliweka chini. Binti aliisikiliza.

"Lete hapa hilo beseni," alisema. Bi Mkasi, aliyekuwa amerudi ndani, alilisogeza, akamsaidia kukaa, na binti akaitia miguu yake iliyovimba ndani ya yale maji, vipande vya barafu vikigonga vifundo. Alivuta pumzi kwa meno, akacheka, akalia, vyote kwa mara moja. "Inauma! Bi Mkasi, inauma kama mama alivyosema!"

"Yaume tu maji hayo, mwanangu," alisema Bi Mkasi, akipangusa macho kwa tepu ya kupimia. "Yameshauma wengine."

Koili ilipokuwa safi, Baridi alirudisha chujio, akarudisha kifuniko, akasimama na kidole juu ya swichi. Alisubiri kikohozi hata kabla hajabonyeza. Akabonyeza. Hakukuwa na kikohozi. Hakukuwa na ile pumzi. Zile sauti mbili hazikuja. Ilikuja moja tu, ya hewa inayopita mahali palipo wazi. Alizima akawasha tena, fundi asiyeamini kazi yake. Hewa tu. Kipimajoto kilishuka mbele ya macho yake, kikapita ishirini, kikaendelea kushuka hadi mahali ambapo mashine ile haikuwahi kufika hata siku ilipopachikwa, na alitamani kisimame.

Kabla ya jioni binti alikuwa ametulia. Rangi ilimrudia, akanywa maji, akamwambia Bi Mkasi mtoto anapiga teke kama anayedai kodi. Nesi alipoulizwa tena alisema alale, na kesho aje wamwone. Gari likaondoka. Bi Mkasi akashuka, kandambili zote mbili miguuni, na chini ya ngazi akasikika akiwaambia watu kwamba mle ndani sasa ni hewa tu, waiulize hata miguu yake.

Baridi alikaa koridoni, sakafuni, mgongo ukutani. Joto la mji lilimkalia magotini. Kwa miaka mitatu hakuwa amelihisi; sasa alilihisi lote. Ule unywele kwenye mkono wake ulikauka, ukainuka ncha moja, ukatafuta kitu hewani, na alipopepesa macho haukuwepo. Nyumba ilikuwa na watu wawili, na mmoja aliye njiani, basi. Alihesabu hivyo na hesabu ikamuumiza.

Mlango wa Julai ulikuwa umefungwa. Chini yake, taratibu, kitu kikatambaa kuja nje, kikapita sakafuni, kikagusa vifundo vya miguu yake iliyokuwa wazi. Kikashika. Hakikuachia.

"Nasikia baridi," ilisema sauti kutoka ndani.

Ilikuwa nzito ya usingizi, iko katikati, haijachagua bado umri wake. Katika mji ule, ndani ya nyumba ile, maneno hayo yalikuwa hayajasemwa kwa kweli na mtu yeyote.

"Nasikia baridi," ikarudia. "Niletee sweta."

Aliinuka akishika ukuta. Alikwenda sebuleni, akaingiza mkono chini ya mto, akaitoa sweta ya kijani. Ilikuwa na joto la kichwa chake. Aliikunjua, akaikung'uta mara moja, akarudi nayo koridoni mpaka mlangoni, na mkono ulipokuwa juu ya kitasa hakuuliza ni nani anayeita.

"Imefika," alisema, akafungua mlango.